Nyumba Isiyo na Namba

Nyumbani penye jiwe,
Jumapili, tarehe 14, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Nakusalimu kwa mapenzi ya ndugu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu na wapwa zangu wawili. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona kabisa, au bado unakohoa huku ukiwaambia watu ni vumbi? Shemeji naye apunguze kubeba mizigo. Mgongo haujui kwamba mwenye nao bado ana moyo wa kijana. Na yule mpwa wangu mkubwa amemaliza mitihani? Mwambie mjomba anauliza, na mjomba akiuliza hujibiwa.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Kaka yako wa pili, Mzee Haraka, ni yuleyule: mwezi uliopita alifika msibani kabla ya jeneza, akaanza kuwauliza wafiwa mbona wamechelewa.

Habari kubwa ya kwanza ni kwamba wifi yako anaona. Unajua kwamba kwa miaka mitano mtoto wa jicho alimfungia dunia kidogo kidogo, kama mtu anayefunga duka jioni, ubao mmoja mmoja. Ndani ya jicho mna kioo kidogo, na kioo hicho hupata ukungu. Daktari hukitoa akaweka kingine, na kazi yote haichukui muda wa kuchemsha maharage. Tulimpeleka kule mji mkubwa, tukakaa siku kumi, jicho moja kisha la pili. Siku walipomfungua bandeji alinitazama usoni, mkunjo mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe umezeeka hivi na hukuniambia." Muuguzi alicheka mpaka akaweka chini sinia la dawa.

Habari kubwa ya pili ndiyo iliyonikalisha mezani leo. Inahusu barua yako ya mwaka jana, ile ya mistari sita.

Nilikuwa nimekuandikia kwamba paa la nyumba ya wazazi limechoka, na kwamba nilitaka sisi watatu tukutane hapa, tuliezeke upya pamoja na tukubaliane nani atakayeitunza mimi nikishaondoka duniani. Ukanijibu kwamba paa ni letu, wewe halikuhusu, kwa kuwa nyumba isiyo na kigingi chako si nyumba yako. Sikukujibu. Si kwa hasira.

Najua utawasomea wapwa zangu barua hii, kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua. Unanijua, nisipoeleza naumwa.

Wanangu, babu yenu alikuwa seremala. Alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Mtoto wake aliposimama mwenyewe kwa mara ya kwanza, alimwegemeza ukutani, nje, kando ya mlango wa mbele, akamwinua mkono, na pale mkono ulipofika akatoboa tundu na kupigilia kigingi cha mti mweusi. Hapo ndipo mtoto huyo angetundika vitu vyake maisha yake yote: kofia, mfuko wa shule, baadaye koti. Kigingi changu kipo, na cha mjomba wenu Haraka kipo, chini ya changu kwa upana wa kidole, jambo ambalo mpaka leo hajakubali. Anasema siku ile alikuwa amepiga magoti.

Mama yenu hana. Babu aliondoka kwenda kutafuta kazi mjini kabla bibi hajajua kwamba ana mimba. Mtoto akazaliwa miezi minane na nusu baadaye, na watu wakahesabu miezi hiyo kwa vidole. Na vidole vya watu wengine huwa na viungo zaidi. Mtoto aliposimama, bibi alichukua msumari wa inchi tatu akaugonga ukutani kwa jiwe. Babu alirudi mtoto akiwa na miaka miwili. Lakini alirudi amelala kwenye lori, upande mmoja wa mwili umepooza na ulimi haumtii. Aliishi siku kumi na tisa. Hakusema neno, na mkono wa kulia haukuinuka tena.

Basi mama yenu alikua akitundika mfuko wake kwenye msumari. Sisi kaka zake, Mungu atusamehe, tulimwita Bibi Msumari. Siku ya mazishi ya bibi, miaka kumi na tisa iliyopita, alisimama mbele ya ukuta ule akasema, "Mwenye vigingi hakunihesabu." Akapanda basi. Hajarudi.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda nayo mjini. Yapo na mengine, nitayasema yakifika mahali pake.

Siku ya kurudi, treni yetu ilikuwa ya saa kumi jioni, nasi tulitoka hospitali saa nne asubuhi. Daktari alisema wifi yako asikae juani. Haraka, aliyekuja kutusaidia mizigo, alitaka tukaketi stesheni saa sita nzima, eti treni huenda ikawahi. Nikamwambia tangu treni ivumbuliwe haijawahi kumsikiliza abiria. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo refu la matofali mekundu, lenye ngazi pana na kibao: Makumbusho ya Historia ya Mji. Ndani kulionekana giza zuri la ubaridi. Tukaingia kwa ajili ya macho ya wifi yako. Hatukuwa na sababu nyingine.

Dada, mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini na nne. Nimechora miji ubaoni kwa chaki, nikaifuta, nikaichora tena. Sikuwa nimewahi kuuona mji ukiwa umefunguliwa tumbo.

Chumba cha kwanza kina kipande cha barabara halisi, kimekatwa kama mkate na kusimamishwa ukutani. Juu ni lami. Chini ya lami ni kokoto, chini ya kokoto ni matofali ya barabara ya zamani, chini yake mawe ya barabara nyingine ya kale zaidi, chini kabisa tope jeusi lenye alama ya gurudumu la mkokoteni. Alama ile! Mtu mmoja alipita pale na mzigo wake, siku ya mvua, akatukana gurudumu lilipozama, akaenda zake. Na mji mzima ukaja kulala juu ya tusi lake. Nilisimama hapo nikajisikia mdogo, tena kwa raha. Haraka aliniambia nisiihubirie barabara.

Wifi yako hakutaka kuacha hata kitasa. Alipapasa mizani ya soko, benchi la fundi viatu lililochimbika kwa makalio ya vizazi vitatu, mabomba ya maji ya mbao. Mlinzi wa pale, mzee mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, alimwendea kwa adabu akamwambia, "Mama, humu ni macho tu. Mikono ipumzike." Naye akamjibu, "Mwanangu, miaka mitano mikono hii ndiyo iliyokuwa macho. Itachukua siku kuifukuza kazi." Mlinzi alishindwa kumkemea tena. Akaamua kufuatana nasi, nadhani ili alinde vitu, lakini baada ya vyumba viwili alikuwa anatupigia soga.

Yeye ndiye aliyetuambia tusiondoke bila kupanda ghorofani.

Juu kuna ukumbi mpana kama uwanja wa shule yetu ya zamani, nao umejaa mji. Sijui niseme vipi. Mji wote kama ulivyokuwa tulipokuwa watoto, umetengenezwa kwa mbao, umelala sakafuni chini ya mwanga laini, nawe unautazama kutoka kwenye roshani inayouzunguka. Kila nyumba ni ukubwa wa kiberiti. Mitaa ni upana wa kidole. Mto ni kioo cha kijani. Mnara wa saa ni mdogo kuliko kichupa cha chumvi, na saa ina mishale. Nyuma ya nyumba kuna kamba za kuanikia nguo, nyembamba kama nywele, na kwenye kamba kuna nguo. Nani atakayeziona nguo hizo kutoka roshani? Hakuna. Lakini fundi aliziweka, kwa kuwa mji usioanika nguo si mji.

Hata Haraka alivua kofia, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Kisha akaanza kusoma maelezo yaliyobandikwa ukutani, kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, hata maandishi ya gunia la saruji. "Nyumba elfu nne," akasoma. Akasimama hapo. Akageuka akanitazama, na mdomo wake ulikuwa wazi.

Wapwa zangu hawajui kwa nini. Babu yenu hakujua kusoma wala kuandika. Kwa muda wote aliokuwa mbali salamu zake zilikuja mara moja tu, mwezi wa pili baada ya kuondoka, zikiletwa na dereva wa lori. Dereva alisimama hapa uani, mbele ya majirani wote, akasema: mumewe anamwambia mama watoto kwamba yupo mzima, amepata kazi na wenzake, wanajenga nyumba elfu nne, zikiisha atarudi. Majirani walicheka mpaka kuku wakakimbia. Seremala mmoja, nyumba elfu nne! Wakasema amepata mwanamke mjini naye ndiye anayemfundisha kuhesabu. Neno hilo likawa methali ya kijiji. Mpaka leo mtu akijisifu kupita kiasi huambiwa, hiyo ni nyumba elfu nne. Bibi yenu alilisikia kisimani kila asubuhi maisha yake yote.

Nilichukua zamu ya kusoma, maana Haraka hakuweza kuendelea. Mfano ule ulijengwa na maseremala ishirini na wawili, kwa miaka mitatu, kwa kipimo cha moja kwa mia mbili. Yaani mita mia mbili za mji ni mita moja ya ukumbi. Nikautazama mwaka wa kuanza kazi. Ulikuwa ni mwaka alioondoka baba. Mwisho kabisa paliandikwa: majina ya mafundi hayakuhifadhiwa.

Kwa hiyo hakuwa amedanganya. Alisema kweli tupu, na ukweli ulikuwa mdogo mno usiweze kuonekana kutoka hapa kijijini. Nilishika chuma cha roshani. Nilimfikiria mama na ndoo yake kisimani.

Sasa sikiliza lililofuata. Wifi yako alikuwa amesogea peke yake mpaka mwisho wa roshani, amevaa miwani yake myeusi, akila mji kwa macho mtaa kwa mtaa kama mtoto anayekula muwa. Ng'ambo ya mto, nje ya nyumba za mwisho, pana uwanja mtupu. Katikati ya uwanja huo kuna nyumba moja pekee. Akaniita, sauti yake imeshuka. "Mwalimu, njoo unihakikishie kwamba macho haya hayajaharibika tena. Lile si dirisha la mwezi?"

Unalikumbuka. Dirisha la chumba chetu watoto, ambalo baba alilipandisha karibu na paa kwa sababu alipima boriti akiwa juu ya kigoda na kusahau kukitoa kwenye hesabu. Mama aliliita dirisha la kuchungulia mwezi, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuonekana kupitia hapo. Sijaona dirisha lingine kama hilo duniani, na sikutarajia kuliona likiwa ukubwa wa punje ya mchele. Chini yake mlango ulikuwa umekaa pembeni, si katikati ya ukuta. Na mbele ya mlango kulikuwa na kijiwe cha kijivu. Jiwe letu, dada, lile lililoshindikana kung'olewa, ambalo baba alilichonga likawa kipandio na kulihamishia mlango.

Paa lake lilikuwa limefungwa uzi mwekundu.

Nikamwuliza mlinzi. Akasema ah, ile. Ile ni makosa. Wataalamu wameulinganisha mfano na ramani za zamani. Nyumba zote zina namba chini yake, moja mpaka elfu nne, isipokuwa hiyo. Ramani inaonyesha hapo palikuwa na uwanja wa kufyatulia matofali tu. Tena imejengwa ovyo: dirisha juu, mlango kando, jiwe njiani, na vitu ukutani vikubwa kupita kipimo. Sasa mfano unakarabatiwa, na vyote vilivyofungwa uzi mwekundu vitaondolewa. Lini? Jumatatu. Tulikuwa Alhamisi.

Haraka alimwambia, "Katika hiyo nyumba nimezaliwa mimi." Hakupaza sauti. Mlinzi alitutazama mmoja mmoja, akaona kwamba wazee hawa hawataki mzaha, akashuka ngazi kwenda kumwita fundi.

Fundi wa ukarabati ni mwanamke wa makamo, mwenye gundi kwenye kucha na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kama mkufu. Alitusikiliza kwa kichwa kilichoinama. Hakutuamini wala hakutukatalia. Aliniomba nimwambie, kabla hajaisogelea nyumba, nyuma yake kukoje, maana kutoka roshani hapaonekani. Nikamwambia upande wa nyuma paa linashuka chini kuliko mbele, kwa kuwa jiko liliongezwa baadaye, na mlango wa jiko unafungukia nje. Akavua viatu, akavaa soksi za kitambaa, akapita juu ya ubao mwembamba uliotandazwa juu ya mto, akaenda kuchungulia. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Akakata gundi ya chini kwa kisu chembamba kama jani, akatuletea nyumba mkononi.

Niliingoja ikija kama mtu anayengoja mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji.

Akaiweka juu ya kitambaa cheupe, akanipa kioo. Akauliza kama najua vitu vile vya ukutani ni nini, kwa sababu vimewasumbua. Kwa kipimo cha mfano vingekuwa vinene kama mapipa. Nikatazama. Kando ya mlango, upande wa kulia, kulikuwa na vigingi vya mti mweusi.

Nilihesabu. Nikampa wifi yako kioo ahesabu. Akampa Haraka. Kila mtu alihesabu kimoyomoyo.

Vilikuwa vitatu.

Fundi alichukua kioo chake akatazama kwa makini ya kazi, kisha akatueleza jambo ambalo yeye aliliona la kiufundi tu. Viwili, alisema, viliwekwa wakati ukuta unajengwa. Rangi imepita juu ya mashina yake. Hiki cha tatu tundu lake limetobolewa baada ya rangi kukauka, unaona ilivyobanduka pembeni. Rangi hii ilipakwa mwaka wa pili wa kazi. Kwa hiyo mtu alirudi baadaye, akainama katikati ya mji uliokwisha kupakwa rangi, akaongeza kigingi kimoja. Akatuuliza ni kwa nini mtu afanye hivyo.

Mdogo wangu, sasa nimefika mahali pa yale mengine.

Ulipozaliwa, mama alinikalisha kwenye kizingiti akaniambia niandike. Nilikuwa na miaka minane, mwandishi pekee katika nyumba hii. Dereva alikuwa ametuachia anwani ya karakana. Nikaandika kwa penseli kama alivyosema: amezaliwa mtoto wa kike, ana afya, masikio ni yako. Mama akanipa stempu, nami nikapeleka barua posta. Stempu ilikuwa na picha ya ndege wa bluu. Niliona ni kitu kizuri mno kukiacha nje ya bahasha kikanyeshewa. Nikaibandika ndani, chini ya neno la mwisho, ili baba amwone ndege. Nikafunga bahasha, nikaitumbukiza kwenye sanduku, nikarudi nyumbani nikiruka ruka.

Miaka mitatu baadaye mwalimu alitufundisha jinsi posta inavyofanya kazi. Baba alikuwa ameshakufa. Nilikaa kwenye dawati langu nikaelewa kwamba barua isiyo na stempu haiendi popote, na kwamba baba alirudi, akakutazama siku kumi na tisa, bila kujua wewe ni nani. Sikumwambia mama. Sikumwambia mtu. Nilikuwa kimya Haraka alipokuita Bibi Msumari, na mara nyingine nilikuita mimi. Siku ya mazishi ya mama, uliposema hakukuhesabu, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako nikiwa na sinia la vikombe, nami nilijua, au nilidhani najua, nani aliyekufuta kwenye hesabu. Nikaenda kuosha vikombe.

Miaka thelathini na nne nimewafundisha watoto wa watu waseme kweli. Nisamehe.

Sijui habari zako zilimfikiaje. Pengine karani fulani wa posta aliihurumia bahasha yenye mwandiko wa mtoto. Pengine kuna msafiri tusiyemjua. Najua tu kwamba zilifika, kwamba mtu asiyejua kusoma alisomewa, na kwamba siku hiyo aliacha kazi ya watu akaenda kwenye nyumba yake ndogo aliyoificha nje ya mji, ambayo hakuna aliyemtuma kuijenga, akatoboa ukuta.

Fundi alikuwa bado anangoja jibu. Akauliza swali lake kwa namna nyingine: watoto wa nyumba hii walikuwa wangapi?

Haraka ndiye aliyejibu. "Watatu," akasema. "Wa mwisho msichana."

Halafu akaketi chini, palepale sakafuni, na mlinzi hakumwinua. Treni ya saa kumi ilipiga honi stesheni, tukaisikia wote, na kaka yako hakugeuza hata kichwa. Nimeishi kuliona hilo pia.

Fundi alitueleza kwamba yeye hana mamlaka ya kufungua uzi. Wakubwa wake wangekaa Jumatatu asubuhi kabla ya kazi kuanza, nasi tulete picha za nyumba yenyewe: mlango, jiwe, dirisha, nyuma. Tulilala kwenye viti vya stesheni, tukapanda treni ya alfajiri, na tulipofika nyumbani nilimwomba binti wa jirani apige picha kwa simu yake na kuzituma. Haraka alisimama kando ya jiwe ili wapate kipimo. Alisisitiza apigwe amenyoosha shingo.

Jibu lilikuja Jumatatu mchana. Nyumba inabaki. Hawataipa namba, kwa kuwa haimo mjini, na mimi nakubali. Kumbukumbu za mji zisichafuliwe kwa ajili yetu. Watabandika kibao kidogo tu kusema ilijengwa na mmoja wa mafundi, mfano wa nyumba ya kwao, na jina lake wataliandika. Katika ishirini na wawili, huyo atakuwa wa kwanza kujulikana. Habari hizo nilizipeleka kisimani mwenyewe. Nilichagua saa ya asubuhi, wakati watu ni wengi.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo nilipaswa kulisema mapema, lakini mwalimu akieleza hupotea njia. Kile kigingi cha tatu hakiko sawa na vingine. Kimewekwa chini sana, chini hata ya kile cha Haraka. Nilijiuliza kwa nini njiani kote, mpaka wifi yako akaniambia, kwa upole, kwamba kwa msomi ninachelewa kuelewa. Baba hakuwahi kukuona umesimama. Alikukadiria. Alikaa kule akafikiri, sasa ana miezi kadhaa, sasa labda anasimama, mkono wake utafika wapi? Na alikukadiria mfupi. Angejuaje kwamba ungesimama na miezi tisa na kufika juu kuliko kaka zako wote wawili? Msumari wa mama unashuhudia. Upo juu ya vigingi vyetu kwa upana wa vidole vitatu, na Haraka hilo nalo halijadili.

Nimekichonga kigingi chako. Mkono wangu si wa baba. Kimepinda kidogo, lakini ni mti uleule mweusi, kutoka mguu wa meza yake ya kazi. Kipo hapa mbele yangu ninapoandika. Sitakipigilia mimi, wala Haraka hataruhusiwa kukigusa, maana angekipigilia jana. Msumari bado upo ukutani. Njoo uung'oe kwa mkono wako. Kisha utatuambia tutoboe wapi: pale ulipofika, au pale alipokukadiria. Paa linaweza kungoja.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu mkubwa, na yule mdogo mwenye maswali mengi kama mjomba wake. Mpe heshima zangu mama mkwe wako. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema sasa anaona kweli, kwa hiyo usije umevaa ovyo. Haraka anakusalimu pia, na ameniomba niandike kwamba lile jina alilokupa utotoni analirudisha kwake, ajiite mwenyewe.

Mola akulinde njiani na nyumbani, akupe pumzi ndefu na kifua chepesi.

Mimi kaka yako, nikupendaye tangu asubuhi ile nilipoandika habari zako kwa penseli,

Mwalimu.

Stempu nimeibandika nje. Nimetazama mara mbili.